Nilimwambia Sikuona Jina Lake

(Barua hii ilijibiwa kwanza kwa mkono. Leo tunaisoma redioni kwa ruhusa ya mama mwenyewe.)

Tantine Malika wa redio,

Mi naitwa Mama Augustine, Augustine ni jina yangu mwenyewe, niko mujane, nauzisha pondu ya majani ya muhogo na mikate ya kwanga huku Lubunga, naomba unisaidie mbele ya Ijumaa maana iko neno ndani ya roho inanikula na siwezi kuiambia mutu, hata pasteur.

Niko na watoto wawili. Wa kwanza, Patrice, alisoma agronomie, mambo ya kulima, miaka tano, siku ya kumaliza tulimumwangia poudre nyeupe tangu kichwa mupaka kwa viatu, majirani wakaimba, mi nikacheza mupaka kitambaa ya kichwa ikaanguka, alafu nini? Ni mwaka wa ine sasa diplome iko kwa ukuta ndani ya kioo na Patrice anaendesha moto, anabeba watu na pikipiki, wateja wanamuita Ingénieur kwa kumuchekelea, «Ingénieur, nipeleke sokoni», naye anacheka nao, lakini mi mama yake nikisikia vile natamani udongo inimeze. Sisemi mutoto ni mubaya. Wakati muhogo yetu ilishikwa na ugonjwa, majani ikajikunja yote, ni yeye alitafuta mbegu ingine akatuonyesha namna ya kupanda, na ni majani ya ile muhogo nauzisha mupaka leo. Lakini ile si kazi, Tantine, hakuna mutu anamulipa juu ya ile.

Donc sasa ni Aurélie, wa pili, miaka kumi na tisa, anataka kusomea udaktari, alifanya concours, mutihani ya kuingia, na siku ya kubandika majina kwa valves, kwa ile mbao ya matangazo ya faculté, malaria ikamulaza, akaniambia, «Mama, vuka wewe uniangalilie.» Nikavuka muto na pirogue. Nilisomaka mupaka ya sita tu, nasoma polepole, nikafuata majina na kidole, wanafunzi wananisukuma huku na huku, na kwa namba kumi na ine nikamukuta, Aurélie, na jina ya baba yake yote. Tantine, sikufurahi. Nilisimama pale nikaona Patrice na kioo yake, nikaona miaka yote ile ya masomo, nikaona nyumba bila mutu, maana baba yao alishakufa na Patrice analala njiani na moto yake. Nikarudi, nikamukuta ameketi kwa kitanda amejifunika pagne, nikamwambia, «Mwana, sikuona jina yako.»

Hakulia. Aliniuliza tu, «Uliangalia mupaka chini, Mama?» Nikasema ndiyo, mupaka chini. Akasema, «Bon, ni akili yangu haikutosha,» na kesho yake aliamuka mbele yangu akatwanga pondu. Ni juma mbili sasa anatwanga, na sokoni wananisifu, mama uko na mutoto muzuri, na kila sifa inanichoma.

Ijumaa wanafunga kuandikisha wapya. Nikimwambia, atanichukia. Nikinyamaza, labda nimemuokoa na ile ilimupata kaka yake. Niambie, Tantine, nilifanya mubaya kweli?

Mama Augustine

*

Mama Augustine,

Kaa kwanza. Umekaa? Alors, ndiyo, ulifanya vibaya. Umeniuliza, nakujibu. Ulimnyima mwanao siku yake ya furaha, na juu ya hiyo ukamwacha aamini kwamba hana akili, mtoto aliyeshika namba kumi na nne. Hiyo ya pili ndiyo imenikasirisha.

Pole yangu nayo iko. Watoto wangu watatu walitoka nyumbani mwaka mmoja, na sufuria kubwa nikampa jirani kwa sababu sikuweza kuiangalia. Nakuelewa, mama yangu, zaidi ya unavyofikiri.

Lakini unasema shule haikumpa Patrice kitu. Soma tena barua yako. Nani alijua muhogo ule unaugua nini? Mboga unayouza inatoka kwenye masomo yale, na Aurélie amekula humo humo. Sikudanganyi, diplome si kazi. Vijana wenye diplome wanaoendesha moto tunawajua wote, na aibu hiyo si ya Patrice. Aurélie anaweza kusoma miaka yote ile akakosa kazi. Asiposoma, kazi atakosa vilevile, na kutibu mtu hatajua. Acha achague mwenyewe shida atakayobeba.

Na njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mwenzake wa concours atapita sokoni, atamuuliza kwa nini haonekani darasani. Unataka asikie pale, mbele ya wateja wako?

Barua yako sikuisoma redioni, maana Lubunga nzima inatusikiliza. Jibu hili nimempa Sefu wa pirogue, yule aliyeleta barua, na nimemwambia avuke nalo leo, Jumanne. Ukimaliza kusoma, acha pondu, mwite Aurélie. Ninyi wawili tu, bila jirani, bila pasteur. Sema: «Jina lako nililiona, ni la kumi na nne, nikakudanganya.» Usianze na marehemu baba yake, usianze na Patrice, na usiwe wa kwanza kulia ili akuonee huruma. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akikuambia maneno makali, yameze. Kesho asubuhi mvuke pamoja na karatasi zake zote, na Patrice awapokee upande wa pili, yeye anazijua ofisi zile. Wakisema nafasi imekwisha, ni wewe utakayeomba, si yeye.

Atakukasirikia, labda mpaka mvua zipite. Utampikia, utamsindikiza kwenye pirogue, utangoja. Nyumba itakuwa kimya, hiyo sitakuficha. Njoo hapa redioni siku hizo tukae pamoja.

Na akikuuliza kwa nini, usimwambie ulitaka kumwokoa. Mwambie uliogopa kubaki peke yako. Hilo mtoto anaweza kulisamehe.

Tantine Malika