Kura za Yudithi Hazifutwi

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuandikia kwa sababu Jumapili ulinikatia simu kabla sijamaliza sentensi ya pili, na barua huwezi kuikata. Ukiikasirikia utaisukuma chini ya cherehani, lakini najua Mama ataitoa na kukusomea kwa sauti mbele ya wateja. Kwanza niambie, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Kaka Ramadhani unaitumia, au iko kabatini hata kifuniko hakijaguswa? Na kifua cha Mama, baridi ya Kondoa imekiacha salama? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Mlenda nimeuzoea hadi nautafuta mwenyewe, na akina mama wa hapa wananiamkia "mbukwa" njiani kama mtu wa kwao. Kinachochemka ni moyo.

Baba, nilikusikia vizuri. Ulisema, "Zuhura, omba radhi yaishe." Ulisema Mwalimu Mkuu amekupigia kwa adabu zote, na binti aliyelelewa nyumba yenye dini hashindani na wakubwa wake wa kazi. Sasa nisikilize na mimi mpaka mwisho, maana yeye alikueleza nusu. Na linaloniudhi kuliko yote ni huko kukupigia. Nina miaka thelathini na moja, nimeajiriwa kwa cheti changu, halafu mtu anafungua faili langu, anatafuta namba ya baba yangu, ananisemea kama mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Mwalimu wa kiume angefanyiwa hivyo?

Mambo yalianza hivi. Unajua nafundisha Uraia na Maadili darasa la tano na la sita. Tulifika mada ya uongozi na demokrasia, nikawasomea kwamba viongozi huchaguliwa na watu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona kiranja mkuu wetu anachaguliwa ofisini?" Darasa zima likanikodolea macho. Ningesema nini? Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba shule ifanye uchaguzi, akakubali, tena huku anacheka. "Fanya, mwalimu, watoto wachangamke kidogo." Alikubali kwa kinywa chake mwenyewe, na hilo hakukuambia.

Wakajitokeza wagombea wawili. Wa kwanza Danieli, mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, yule mwenye mashine ya kusaga hapa kijijini. Danieli ni mtoto mzuri, anapendwa, na aliahidi mpira mpya. Wa pili Yudithi, ambaye mama yake hulima mashamba ya watu. Sauti yake ni ndogo mpaka uinamishe kichwa. Alisimama mbele ya shule akasema jambo moja tu: "Mkinichagua, foleni ya maji itaanza na wadogo." Kisha akarudi kukaa.

Nikufafanulie. Shule ina tangi moja na bomba moja. Wakati wa mapumziko desturi ni wakubwa kwanza: darasa la saba wanakunywa, wanafuata la sita, wanashuka hivyo hivyo. Ndiyo heshima ya hapa, kama kwetu babu anavyonawa wa kwanza. Zamu ya darasa la kwanza ikifika, kengele imeshalia au tangi limekauka, na watoto wanarudi darasani midomo imepauka. Huu ni mwaka wangu wa tatu naliona hilo na sikuwahi kulisemea. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mvulana wa darasa la saba alimuuliza, "Kwa hiyo unatuvunjia heshima sisi wakubwa?" Yudithi akamgeukia. "Hapana. Ila nyie mnaweza kuvumilia kiu, wale wanalia."

Sasa kosa langu, maana ninalo, na sitalificha. Karatasi za kura hatukuwa nazo, na wadogo wengi hawajui kuandika. Ulikuwa msimu wa kuvuna karanga, nikasema kila mtoto aje na karanga moja, aingie darasani peke yake, aitie kwenye ndoo ya anayemtaka. Ndoo ya Danieli ilichorwa mpira, ya Yudithi kikombe. Nilijiona mjanja sana. Tulipohesabu, wanafunzi ni mia mbili na kumi, karanga ni themanini na tatu. Nikamwita mtoto wa darasa la kwanza: "Kura yako iko wapi?" Akafungua mdomo akanionyesha ulimi. Mwingine akasema yake amempa mdogo wake nyumbani. Mtu gani mwenye akili anawaagiza watoto wenye njaa waje na karanga asubuhi halafu anategemea zifike kwenye ndoo? Ni mimi, mwanao uliyemsomesha. Walimu wenzangu walicheka hadi wakashika ukuta.

Kesho yake tukarudia kwa kokoto za fundi anayejenga choo cha shule. Kokoto hailiki. Tulihesabu uwanjani, moja moja, shule nzima ikitaja namba kwa sauti. Yudithi mia moja ishirini na nane, Danieli themanini, na mbili zilidondoka nje ya ndoo, hizo hatukuzihesabu. Danieli akampa Yudithi mkono bila kuambiwa na mtu. Siku hiyo hiyo saa nne foleni ikageuzwa. Darasa la saba walinung'unika, lakini walisimama nyuma, na vitoto vya darasa la kwanza vikanywa mpaka maji yakatiririka kifuani. Nililia, Baba. Niliingia ofisini nikajifanya natafuta chaki.

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti akaja na pikipiki yake, salamu hakutoa. "Mwanangu anashindwa na mtoto wa kibarua, na wakubwa wanangoja watoto wanywe! Hiyo ndiyo heshima mnayofundisha hapa?" Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anacheka wiki nzima, akaacha kucheka. Akaniita ofisini.

"Mwalimu Zuhura, uchaguzi una kasoro. Karanga zililiwa. Tunaufuta wote, kiranja nitateua mimi."

"Zilizoliwa ni karanga, mwalimu. Kokoto zote zipo."

"Usibishane na mimi."

Akanisogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Inasema nakiri kwamba nimewafundisha wanafunzi utovu wa heshima, naiomba radhi kamati, na natamka kwamba uchaguzi wote ulikuwa batili. Chini pameachwa mstari wa sahihi yangu. Nisipotia sahihi, ataandika kwa wakubwa niondolewe shuleni hapa. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba siwezi kutia sahihi uongo. Ndipo akachukua simu akakutafuta wewe.

Juzi Jumatatu, siku moja tu baada ya wewe kunigombeza, akasimama mstarini mbele ya shule nzima na karatasi ya matangazo mkononi. "Kiranja mkuu ni Danieli. Danieli, pita mbele." Yudithi alikuwa mstari wa darasa la sita, akatazama vidole vya miguu yake. Danieli akatoka. Moyo wangu ukakata tamaa pale pale, nikasema basi, wamemshinda mtoto. Akafika mbele, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Geuka wenzako wakuone."

"Mwalimu, mimi nilishindwa."

"Nimesema kiranja ni wewe."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini walihesabu wote. Zangu zilikuwa themanini." Masikini wa Mungu, lazima alikuwa anamfikiria baba yake nyumbani. "Naomba nirudi mstarini, mwalimu."

Akarudi. Mwalimu Mkuu alikunja karatasi yake akasema twende madarasani. Saa nne Yudithi akaenda kusimama penye bomba kama siku ile foleni ilipogeuzwa, wadogo mbele, na mpaka leo hakuna aliyemwondoa wala aliyemthibitisha.

Sasa niambie wewe, Baba, kati ya wote hawa nani alivunja heshima? Ulinifundisha kuamkia wakubwa, kutopaza sauti, kutojibu kwa jeuri, na yote nimeyashika. Kila siku namwamkia Mwalimu Mkuu, hata siku aliyonichongea kwako nilimwamkia. Lakini hukuwahi kunifundisha kwamba heshima ni kusema uongo pale mkubwa anapotaka. Kama ndivyo ulivyokusudia, basi ulikosea kunilea, na mimi siamini kwamba ulikosea. Mtoto wa miaka kumi na miwili ametoa shikamoo na ukweli kwa pumzi moja, mbele ya watu, huku anajua kipigo kinamngoja nyumbani. Halafu mimi mwalimu wake nikatie sahihi? Nitasimamaje mbele ya darasa lile?

Kamati inakaa Ijumaa. Nitakwenda, nitawaamkia wote mmoja mmoja, mwenyekiti nikianza naye, na sahihi sitatia. Najua unachoogopa. Unaogopa nikae bila kazi, watu wa Kondoa waseme binti wa fundi alikuwa na mdomo. Na mimi naogopa, nisikudanganye. Wakinihamisha, nitahama. Nina sanduku moja na godoro. Huko watakakonipeleka nako kuna watoto, na nitawafundisha somo lile lile. Safari hiyo nitaanza na kokoto.

Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayekwenda soko la Majengo mjini kesho, ataikabidhi kwenye basi la huko kwetu. Nisalimie Mama, mwambie asifunge swaumu kwa ajili yangu, kifua hakijapona, dua inatosha. Nisalimie Kaka Ramadhani na mkewe, na kile kitoto chao kinachoanza shule Januari kiambieni shangazi yake anakiwekea madaftari. Shangazi Mwajuma, dada yako wa maandazi, mwambieni asimamishe kunitafutia mchumba mpaka Ijumaa ipite, nisije nikamjibu mtu vibaya. Bibi mbusuni mkono wa kulia.

Nakuombea goti lipoe na macho yaendelee kuona tundu la sindano. Sikuombi ukubaliane nami, wala sikuombi unitetee. Mwalimu Mkuu akikupigia tena, mwambie neno moja tu: wewe ni baba yangu, si mkuu wangu wa kazi, na mimi ni mtu mzima, aniulize mwenyewe. Ukimwambia hivyo, hata ukiwa bado umenikasirikia, nitaingia Ijumaa nikijua nimetoka nyumbani kwa nani.

Ni mimi binti yako, mkaidi kwa hili moja tu,

Zuhura