Maneno ya Devota Kwenye Sinema

Msamala, Songea

Dada Theodosia, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo umepoa? Na mahindi huko Mpitimbi yamebeba? Mimi mzima, ila nimechoka kwa umaarufu. Bila mdogo wako, sinema mji huu haziendi. Juzi nilikuwa kibandani natafsiri sinema ya vita, umeme ukakatika. Nikaendelea kuisimulia gizani saa nzima, vifaru na yote, na hakutoka mtu. Uliza yeyote.

Dada, nakuandikia kuhusu sinema aliyocheza binti yako Devota, kabla hawajaileta huko kijijini Jumamosi. Unajua anacheza mjane aliyenyang'anywa shamba na ukoo wa mumewe. Usilojua ni kwamba maneno anayosema mbele ya kikao ni yako, yale uliyoyaanza siku ya kuondoa matanga ya shemeji ukaambiwa ukae chini. Devota aliyakusanya yote. Mwezi mzima kayafanyia mazoezi sebuleni kwangu, mpaka wapangaji wenzangu wakawa wanalia na vijiko mkononi. Alisema safari hii mama atamaliza kusema.

Sasa nimeiona. Devota anasimama, mdomo unacheza, machozi yanamtoka, na halisikiki hata neno moja. Wameweka kinanda, na juu yake sauti ya mwanamume inasema kwamba mjane akatubu, akawaachia wazee waamue.

Nilimfuata Ramson, mwenye sinema, nikamwambia arudishe maneno ya mtoto. Akacheka. Akasema, mjomba, nani ataacha pombe yake ya ulanzi aje kusikiliza mwanamke akigomba? Eti sauti yenyewe ameshaifuta, na nakala zimeshafika Namtumbo. Tangu aione, Devota haongei; ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Sijui nimfanyeje, dada.

Jumamosi usiende. Au nenda, lakini ujue mapema: sauti ile ya mwanamume ni yangu. Ramson alinipa karatasi, akasema Songea nzima hakuna sauti kama yangu. Nilijua inawekwa juu ya nani. Nikasoma.

Nisalimie majirani wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka pia. Na kwa kuwa leo nimeanza kusema kweli, niimalize: Ramson aliridhika mara ya kwanza tu. Mimi ndiye niliyeomba kurudia, mara tatu, ili itoke vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Dastan