Kadi ya Valarie na Nyumba ya Elburgon

Mshauri mpendwa, nisaidie, kwa maana nimeanza kuogopa kompyuta iliyo ndani ya nyumba ninamoishi.

Mjukuu wangu Valarie, ninayeishi naye hapa Free Area, Nakuru, huwachorea watu nyumba kwa kompyuta kabla hazijajengwa, na sasa anataka kadi mpya ya grafiki, kile kipande kinachoipa kompyuta nguvu ya kuchora, anasema ina kasi mara tatu ya ile ya zamani, nami nimesoma maelezo yake yote nikaona inakula wati mia tatu peke yake, ilhali pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni ya wati mia nne na hamsini tu, na vyote hivyo, pamoja na friji, vinategemea ekstensheni moja ambayo plagi yake imeshageuka kahawia. Feni ya kompyuta ikivuma, mimi huenda ukutani nikazima stima. Jana nilimzimia katikati ya kazi. Akafoka, "Guka," yaani babu kwa Kikuyu, "hii ni kompyuta, si jiko la makaa!" Nikamwambia landlord, mwenye nyumba tunayopanga, amekataza kadi hizo. Landlord hajui hata kadi ni nini.

Nyumba yangu ya mabanzi kule Elburgon ilichomwa wakati wa machafuko ya uchaguzi, na sijarudi. Najua mbao zinavyonuka kabla moto haujaonekana. Lakini kuna jingine. Valarie anaichora nyumba hiyo kutokana na masimulizi yangu, na kwa kadi aliyo nayo picha inakwama, unaona ukuta kisha giza. Akipata mpya, amesema, "Utaingia, Guka, utembee mpaka jikoni." Tangu aseme hivyo silali vizuri. Nimkatalie?

Guka Ndegwa

Mzee Ndegwa, pole sana. Moto unauogopa kwa haki, na hesabu yako ya wati ni sawa. Ila kumzimia mtoto mashine inayomlisha ni ukorofi, na kumsingizia landlord ni uongo. Mwambie ukweli leo.

Hiyo plagi itoe ukutani sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Ita fundi wa stima aliyesomea kazi, kompyuta ipate soketi yake. Maneno ya "mara tatu" ni ya muuzaji. Valarie abebe mchoro wake mzito kwenye flashi, aujaribu palepale dukani kwa kadi hiyo na kwa ile ndogo inayokula nusu ya umeme. Nadhani ndogo itamtosha, na bei yake haitamlazimu kununua pawa saplai nyingine. Akichagua kubwa, saplai ibadilishwe kwanza, na hapo hakuna mjadala.

Hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi. Halina fundi, na si sababu ya kumkatalia kadi. Kama huwezi kuingia nyumba hiyo, sema huwezi, atakuelewa. Lakini usimwache achore kwa kubahatisha wakati wewe unayeijua uko hai. Kaa kando yake, hata ukiangalia dirishani, umwambie kama mlango wa jikoni ulifungukia ndani au nje.

Shangazi Chepkemei