Blanketi la Mama Linarudi Ibaba

Chuoni, Mbozi
Jumatano, majira ya kuchuma kahawa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi binti yako Atupele ni mzima, nimeshiba, na nimekasirika. Nayataja yote matatu mwanzoni ili yakufikie, hasa hilo la kushiba. Je, wewe hujambo? Kifua kinakupa nafasi ya kulala? Baridi ya Ibaba naijua, ule ukungu unaokataa kuondoka mlimani mpaka jua lifike utosini. Siku hizi kila niamkapo jambo la kwanza ninalojiuliza ni kama Mama amepata cha kujifunika.

Nawe Baba Mdogo Ambindwile, mdogo wake marehemu baba yetu, shikamoo. Nakusalimu ndani ya barua ya Mama kwa sababu wewe ndiye uliyeishika. Umeketi juu ya kigoda chako, umekohoa mara mbili, umefuta miwani kwa pindo la koti, na watu wa nyumbani wanangoja uwageuzie Kiswahili changu kiwe Kindali. Tangu uliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lupa na elimu yako ya kusoma, barua zote za nyumba yetu zinapita kinywani mwako, kisha zinaingia mfukoni mwako, na hakuna aliyewahi kukuuliza neno. Leo nakuuliza mimi.

Mwezi uliopita alipita hapa mzee Yaledi, jirani yetu anayeuza viazi, akanipa furushi kutoka kwa Mama. Nililifungua mbele ya wenzangu huku nacheka, nikidhani ni maharage. Lilikuwa blanketi. Mama, nililijua hata kabla sijalikunjua, kwa ile pembe iliyoungua siku mdogo wangu Subila alipoangusha kijinga cha moto. Ni blanketi lako, na nyumbani hakuna jingine. Nikamwuliza mzee, "Sasa Mama anajifunika nini?"

Akasema, "Analala na kaniki yake, karibu na moto. Mwanangu, kila barua yako ikisomwa mama yako analia. Tumesikia unalala chini kwenye udongo. Tumesikia mnakula mara moja kwa siku, tena mabaki. Tumesikia umesema mdogo wako asije kabisa, asiteseke kama wewe."

Nilimwambia ni uongo mtupu. Nikamsihi arudi akuambie. Akatazama chini, akasema, "Mimi jirani tu. Nitaingiaje nyumba ya watu nimwite mkubwa wao mwongo?" Akachukua gunia lake akaenda sokoni.

Nimekuandikia barua tatu, Mama. Hakuna hata moja yenye neno la njaa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba. Baba Mdogo, kunisingizia mimi ningeweza kukusamehe, maana mimi ni kijana na nina nguvu. Kumlaza mama yangu kwenye baridi sikusamehei. Nimekwenda kanisani kuomba nipewe moyo wa kusamehe, na nilipofika katikati ya sala nikaona siutaki.

Na sababu yako naijua. Yule mzee wa Chitete mwenye ng'ombe anamtaka Subila, nawe umekwisha kuwaonyesha ng'ombe zake mahali pa kulala. Lakini Subila amemaliza darasa la nne, na Mwalimu Mkuu amemwekea nafasi hapa chuoni. Awe amefika kabla ya mvua za kwanza, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Linalotakiwa ni neno moja la Mama, kwamba mtoto aende. Mama analizuia neno hilo kwa sababu anaogopa, na hofu hiyo umeitengeneza wewe kwa kinywa chako.

Kwa hiyo leo nitaeleza polepole jinsi tunavyoishi. Soma, Baba Mdogo. Au usisome, uwaambie unayoyapenda, mimi nitaendelea tu.

Tunakaa wasichana saba katika nyumba moja. Ni nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na kuta tumezipaka wenyewe kwa udongo mweupe wa mtoni. Kila nyumba ina chungu chake, shamba lake na zamu zake. Aliyekuja na jembe na bakuli amekwisha kuwa mtu wa nyumba. Hakuna anayeulizwa baba yake ana nini. Leo zamu ya kupika ni yangu: ugali wa ulezi, maharage, na majani ya maboga niliyoyachuma mwenyewe asubuhi kabla ya darasa. Tunakula asubuhi, mchana na jioni. Yule wa Igamba anakula na usiku akidhani hatumsikii.

Hapo nadhani umewaambia tunakula mabaki.

Kitanda changu ni cha miti na kamba, na godoro ni la maganda ya mahindi, linapiga kelele ukigeuka lakini lina joto. Blanketi ninalo. Nilichuma kahawa Jumamosi kadhaa kwa mama mmoja wa hapa jirani, naye hakunipa fedha, alinipa blanketi jipya la kijivu, zito. Hilo nililiandika katika barua ya pili, Mama, kwa mstari mzima, kwa sababu nilikuwa najivuna. Baba Mdogo alilisoma kwa macho yake. Kisha akakutazama usoni, akakuambia mwanao anatetemeka.

Tena tunatembea, Mama. Jumamosi mchana hakuna anayetuzuia. Mvua zilipoanza, wasichana wa Kinyiha walitupeleka msituni kutafuta uyoga, na mimi niliyekulia penye ukungu na viazi nikachuma wa kwanza niliouona, mwekundu, mzuri kabisa. Waliucheka huo uyoga wangu mpaka wakakaa chini, kisha wakanifundisha mmoja mmoja, unaoliwa na unaoua. Safari nyingine lori la misheni lilitupeleka Tunduma kuchukua chumvi. Pale mpakani nilisimama mguu mmoja Tanganyika na mwingine Rhodesia, askari akaniuliza nimeamua wapi. Mama mmoja kutoka ng'ambo akatusalimu, "Mwapoleni mukwai," akatupa viwavi vilivyokaushwa. Rahel, mwenzangu, alivila kama karanga. Mimi nilikimbilia ndani ya lori.

Lakini matembezi ninayoyapenda kuliko yote ni ya Ndolezi. Huko kuna jiwe kubwa la chuma ambalo wenyeji wanasema lilianguka kutoka juu, zamani ambazo hakuna mtu anayezikumbuka. Ukiligonga kwa jiwe jingine linalia kama kengele. Sisi wasichana tumejiwekea desturi yetu: kila mtu anagonga mara moja na kumtaja kwa sauti mtu aliyemwonea. Mmoja alimtaja mama yake wa kambo, mwingine alimtaja karani wa boma. Safari yetu ya mwisho nilikuwa nimepokea blanketi siku mbili kabla yake. Nilitafuta jiwe la kujaza mikono miwili. Nikasema, "Ambindwile!" nikagonga, na mara ya pili, na mara ya tatu, mpaka Rahel akanishika mkono akaniambia wengine nao wana ndugu. Tulirudi tukiimba. Nilikula vizuri sana jioni ile.

Ndiyo mateso yetu hayo, Baba Mdogo. Mtoto wa mtu yeyote anaweza kuishi hapa, akiwa na jembe, bakuli na mikono isiyoogopa kazi. Subila anavyo vyote.

Sasa kabla ya salamu nikuulize: Subila yuko wapi? Sidhani kama yupo hapo. Umemtuma maji, siyo? Kila barua ikifika unamtuma maji, hata mtungi ukiwa umejaa. Mimi nilipokuwa nyumbani ulinituma kuni. Sikuelewa kwa nini barua zinapofika nyumba yetu inaishiwa kuni, mpaka nilipolishika lile blanketi. Wote wawili tunajua kusoma, na ulikuwa humtaki anayejua kusoma karibu na miwani yako. Basi leo nilikutegemea umtume. Katika mambo yote uliyonitendea, hili moja nimelitaka.

Na yule msichana aliyeleta barua, ndiye Rahel. Amekuomba ruhusa amsindikize Subila kisimani amsaidie kubeba, nawe ukasema nenda mwanangu, ukamwona mtoto mwenye adabu. Adabu anayo kweli. Anayo pia barua nyingine ndani ya nguo yake. Ni hii hii, Baba Mdogo. Nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, mpaka wino ukaniingia kwenye kucha. Hiyo ya pili nimemwagiza ampe Subila wakiwa kisimani, aisome yote, akirudi awasomee ninyi kwa Kindali.

Kisima nakijua. Kushuka, kujaza, kukaa pale kwenye mwamba na kusoma, kisha kupanda na mtungi, ni muda mrefu. Nilihitaji barua ndefu ya kukukalisha hapo kwenye kigoda. Ndiyo maana nikakuchosha na habari za uyoga, viwavi na jiwe la Ndolezi.

Mama, mpe salamu shangazi Tusajigwe, dada yake baba, mwenye sauti ambayo hata mbuzi wanaitii. Mwambie leo akae karibu na mlango. Msalimie mama mkubwa, na mwambie dawa yake ya kikohozi naikumbuka. Msalimie mwinjilisti, mwambie bado naomba, ila kuna ombi moja nimeliacha. Mzee Yaledi naye msalimie. Hakuniambia uongo, na kuanzia leo hana mtu wa kumwogopa.

Mzigo alioacha Rahel hapo mlangoni ni wako. Ufungue sasa, usingoje mtu. Ni blanketi lako, nimelifua na ile pembe iliyoungua nimeishona. Jifunike hapo hapo mbele ya watu wote. Kisha msikilize Subila mpaka mwisho, na ukimaliza kusikiliza sema lile neno moja. Rahel atakaa siku mbili kumngoja afunge jembe na bakuli lake.

Nawe Baba Mdogo, usiinuke mpaka Subila atue mtungi. Bado hujasikia barua inasema nini.

Ni mimi mwanao, ninayelala kitandani,
Atupele