Msingi Kando ya Ukuta wa Bi Saada

Jumatatu, 14 Novemba 1994
Songea hii nimeisimamisha mimi. Ondoa nyumba nilizojenga, linabaki soko na vumbi! Leo nimekabidhiwa kiwanja cha dada Lukresia, katikati ya nyumba mbili za zamani — matofali mabichi, baraza mbele, nguzo za mninga. Halmashauri imetoa kibali kwa sharti moja: duka jipya lifuate wenzake. Baraza usawa uleule, paa lilelile. Ndani weka saruji na vioo upendavyo. Careen, binti wa dada, aliyesomea kuchora majengo Dar, kanieleza ramani nusu saa nzima. Nikamwambia, najua mama, najua. Kule misheni nilijenga matao manane kwa siku moja, padri akalia machozi!

Jumatano, 16 Novemba
Careen yuko Mpitimbi, anatafuta vigae vya zamani vya paa. Akirudi atashangaa. Mimi na kibarua wangu Kajetani tumechimba msingi wote, siku mbili tu! Kina cha kiuno, urefu wote wa ukuta wa jirani, Bi Saada. Alichungulia kutoka kwenye cherehani yake — Fundi Makarius, mbona unanichimbia kaburi? Nikacheka. Nyumba hii itatuzika sote, Bi Saada. Akasema inshallah, lakini isiwe wiki hii.

Alhamisi, 17 Novemba
Ufa, ukutani kwa Bi Saada. Kutoka dirishani hadi chini. Kidole kinaingia.
Nimeuziba kwa udongo alipokwenda sokoni.

Ijumaa, 18 Novemba
Mvua ya kwanza, saa nane mchana. Mungu wangu, leo hii! Udongo unamomonyoka chini ya ukuta — kumbe nyumba haina msingi, mawe tu yamepangwa juu ya ardhi! Sasa vinaingia vidole vitatu. Tumeegemeza magogo manne. Nimemsihi Bi Saada atoke. Kagoma. Baba yake alitoka Tunduru akaijenga, yeye kazaliwa chumba hichohicho chenye ufa. Kasema akitoka tu, watu wa halmashauri wataiita gofu na kuibomoa. Niache, kasema, wewe ushike huo ukuta.
Ukianguka, na kibali chetu kimekwisha. Dada aliuza shamba kwa ajili ya duka hili. Kaja na mwavuli, katazama. Kaka, ulisema unajua. Basi. Akaondoka.

Jumamosi, 19 Novemba
Careen karudi asubuhi. Pikapu imejaa vigae, hajashusha hata kimoja. Kasimama ukingoni mwa mtaro, mkono mdomoni. Mjomba! Si tulikubaliana uchimbe mita moja, ujenge, ikauke, ndipo mita nyingine? Si ndio ule mstari wa vidoti kwenye ramani? Nikasema niliuona, ila mvua hii... Kasema leta ramani haraka, tufukie kipande kipande, tuanzie dirishani.
Nimeingia stoo kuichukua. Naandika nimesimama. Wingu jeusi limefunika milima ya Matogoro. Bi Saada bado yuko ndani, anashona — cherehani ikinyamaza, na moyo wangu unanyamaza. Gogo moja limelia, kaaa.
Careen ananiita. Mjomba, ramani!
Ninayo hapa mkononi. Ule mstari wa vidoti — siku ile nilidhani ni waya wa umeme. Nikaona aibu kumuuliza mtoto.