Uanachama wa Sinema Uliomtuma Mzee Kuleta

Baba Wanjiru,

Nilianza na "mpendwa", nikalikata. Limenishinda.

Unakumbuka siku ulipotuandikisha? Alhamisi ulikuwa umenivunja jino kwa mwiko wa ugali, pale jikoni kwetu Ruiru, eti chakula kimepoa. Jumamosi ukaja unatabasamu, ukanionyesha simu: uanachama wa sinema, watu wawili, tunalipa kila mwezi na kuingia mara tunazotaka.

"Babe, tukienda mara tatu tu kwa mwezi, imejilipa. Ya nne ni bure," ukasema.

Nilicheka nimefunika mdomo. Na sitadanganya, nilifurahi.

Wewe ulihesabu sinema, mimi nilihesabu saa. Kila wiki nilichagua iliyo ndefu kuliko zote, hata kama sikujua inahusu nini, kwa sababu mle ndani mkono wako ulikuwa kwenye bisi. Mbele yetu watu walichinjana na magari yakalipuka, nami nimetulia tuli. Ulijigamba kwa marafiki zako kwamba mkeo anajua kutumia pesa. Mjinga wewe! Nilikuwa nanunua saa mbili na nusu za kutopigwa.

Kisha nikaenda peke yangu Jumatano moja. Wanjiru alikuwa shuleni, mimi sikuwa na zamu kazini, nikataka tu kuketi mahali. Sikujua kwamba ujumbe huingia kwenye simu yako kila tunapotumia uanachama ule. Jioni nilikukuta mlangoni, mshipi umeshauvua.

"Uliketi na nani?"

Meza, ukuta, mlango, kila kitu cha nyumba ile kilinigonga siku hiyo. Ulipoukunja mkono wangu wa kushoto niliusikia ukivunjika kama kuni kavu. Nikakuuma. Nilikuuma shavu mpaka nikaonja damu yako, na sijutii hata kidogo. Mtoto wetu alikuwa chini ya meza, ameziba masikio.

Unajua desturi. Mwanamume aliyempiga mkewe mpaka akarudi kwao huja mwenyewe, na wazee, na mbuzi. Wewe ulimtuma baba yako mdogo peke yake hadi kwa baba yangu Ngoliba, mikono mitupu, na simu. Nilikuwa jikoni, mkono kwenye plasta, nikamsikia akimwonyesha baba kwamba umelipia mwaka mzima.

"Sasa hii tutaichinja wapi?" baba akauliza.

Mzee wa watu akajikaza, akaeleza kwamba tutakuwa tunatoka pamoja, tunaketi pamoja, ndoa inapona. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kupiga hesabu. Mwaka mzima, mara mbili kwa wiki, ni saa nyingi. Nilikuwa karibu kukubali. Aibu hiyo bado ninayo.

Baba akaniita. Huniita maitu, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Maitu, mkiwa huko ndani ya sinema, mumeo hukupiga?"

"Hapana, baba."

"Na mkitoka?"

Nilimwinulia mkono wenye plasta. Alinitazama kidogo, akamrudishia mzee simu. "Mwambie kesi iko polisi na hatuitoi. Chai utakunywa, lakini msichana haendi."

Unauliza kwenye jumbe zako kama yale yote hayakuwa na maana kwangu. Yalikuwa na maana, tena kubwa. Uanachama ule ulinifundisha kwamba ukitaka kuizuia mikono yako, unaweza. Ukumbi mzima wa watu ulikutosha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Miaka yote nilidhani hasira hukushinda, kumbe ulikuwa unasubiri tufike nyumbani. Kuna asubuhi naamka meno yameumana, nimekunja ngumi, natamani jino langu lirudi mahali pake na lako ling'oke. Nampalilia baba mahindi kwa mkono mmoja mpaka hali hiyo ipite.

Sinema hizo kazitazame mwenyewe. Tukionana, tutaonana kortini Thika, mchana kweupe, na nitasema yote.

Juzi Wanjiru alinifuata shambani. "Mum, tutarudi kwa dadi?"

Nilijua ataumia, lakini sikumficha. Nikamwambia hatutarudi.

Akanitazama sana.

"Promise? Haturudi kweli?"

Kwaheri,
Mama Wanjiru