Haufutwi Ukurasa wa Mujinga

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, hasira tangu jana.

Mwaka huu wanafunzi wangu wanaandika historia ya mtaa wetu kwenye tovuti ya darasa, ambako kila mmoja anaweza kuongeza au kurekebisha alichoandika mwenzake. Ndivyo nilivyodhani. Wiki za kwanza hakuna aliyegusa ukurasa wa mwingine, hata kuweka nukta.

"Prof, ile ni shimo yake," Ilunga aliniambia darasani. "Mu shimo ya mwenzako hauingie."

Nilicheka, kisha nikaelewa. Hawa ni watoto wa Kolwezi. Baba zao wamechimba kobalti chini ya vyumba vya kulala, na kuingia shimo la jirani ni wizi. Basi kila mtoto alichimba peke yake, nami nikaona somo langu limekufa.

Ukurasa wa mwanafunzi wangu Mujinga ulikuwa mzuri kuliko yote. Aliandika jinsi jiko lao lilivyotitia, nyumba zikapigwa alama nyekundu za kubomolewa, malori ya kampuni ya mgodi yakaja kuwahamisha chakula kikiwa bado motoni. Zamani bibi yake alifukuzwa mji huu huu kwa kuwa Mkasai, mtu wa mkoa mwingine, akarudi. Sasa wamefukuzwa tena. Mujinga yuko Dilolo kwa shangazi yake, shule hana. Kwetu amebaki na ukurasa ule tu.

Jana prefe, mkuu wetu wa shule, aliniita.

"Mama, futa ile page. Hatutake maneno na batu ba kompani."

Nilikataa. Akaufuta mwenyewe mbele ya macho yangu, kwa neno la siri nililompa mwanzoni mwa mwaka kwa heshima zote.

Leo mchana nimefungua tovuti. Ukurasa umerudi! Tovuti hutunza maandishi ya zamani, na Ilunga ameyarudisha. Chini yake darasa zima limeandika: ufa wa ukuta wa huyu, kisima cha yule kilichokauka, alama nyekundu mlangoni kwa mwingine. Kila mmoja ameweka jina lake.

Nilimuuliza Ilunga kulikoni, si walikuwa hawaingiliani?

"Prof, shimo ikianguka, batu bote banaingiaka. Hakuna mwenye kuuliza ni ya nani."

Kesho prefe ataniita, labda kunifukuza. Na afukuze! Nimeandika pale mwisho nilichokiona siku ya malori, na chini yake jina langu kamili.

Na mimi nimeingia.